Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Profesa Harry Bolton Seed na tabia ya udongo wakati wa tetemeko

Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi hukutana na jina la Seed akiwa mwaka wa tatu au wa nne, limeandikwa pembeni ya mchoro wenye nukta nyingi, na mtihani ukipita jina nalo linasahaulika. Ni hasara, kwa sababu kazi aliyoifanya inamgusa kila anayejenga juu ya mchanga wenye maji. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wanafunzi, mafundi wa maabara za udongo na msomaji yeyote anayejiuliza kwa nini jengo imara linaweza kulala ubavu bila ukuta wake kupasuka.

Seed alikuwa nani?

Alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu 1950 hadi alipofariki mwaka 1989. Wahandisi wengi duniani humwita baba wa fani inayochunguza udongo unavyofanya tetemeko linapopita: unapoteza nguvu lini, unaongeza mtikisiko lini, bwawa la udongo linabomoka kwa sababu gani. Kabla ya kizazi chake, hesabu nyingi za tetemeko ziliishia kwenye nguzo na boriti. Yeye na wenzake wakateremka chini ya msingi.

Alizaliwa na kusoma wapi?

Alizaliwa Bolton, Uingereza, Agosti 1922. Alisoma King's College, London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1944 na ya uzamivu mwaka 1947. Uzamivu wake ulikuwa wa mambo ya miundo, si udongo. Baadaye akavuka kwenda Harvard, ambako walikuwepo Karl Terzaghi na Arthur Casagrande, vigogo wawili wa somo la udongo wa zama hizo, akapata shahada ya uzamili mwaka 1948. Akafundisha kidogo, akafanya kazi ya misingi katika kampuni moja ya Boston, kisha akaenda Berkeley na hakuhama tena.

Alianza moja kwa moja na matetemeko?

Hapana. Miaka yake ya kwanza Berkeley ilikwenda kwenye barabara. Aliuliza udongo ulioshindiliwa chini ya lami unafanya nini malori yanapopita juu yake mara elfu na elfu. Akiwa na Clarence Chan, fundi hodari wa kubuni vifaa vya maabara, alitengeneza mitambo ya kuubana udongo na kuuachia, kuubana na kuuachia, huku ukipimwa unarudi kiasi gani na unachoka baada ya mapigo mangapi.

Sehemu hii ya maisha yake hurukwa na wengi, lakini kwangu ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Tetemeko nalo ni mzigo unaojirudia, tena unaogeuza mwelekeo. Yalipokuja matetemeko makubwa ya 1964, Berkeley tayari ilikuwa na vifaa pamoja na watu waliozoea kufikiri kwa idadi ya mapigo badala ya nguvu moja iliyosimama.

Mwaka 1964 ulitokea nini?

Yalitokea matetemeko mawili katika muda usiotimia miezi mitatu. Tarehe 27 Machi Alaska ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 9.2, na mtikisiko ukadumu zaidi ya dakika nne. Mjini Anchorage, mtaa wa Turnagain Heights uliokaa juu ya genge la pwani ulikatika vipande na kuteleza kuelekea baharini, ukienda na nyumba zipatazo 75. Seed alikwenda kuuchunguza. Kilichomshika ni kwamba mteremko haukuanguka mara ardhi ilipoanza kutikisika. Ulistahimili kwanza, ukaja kukatika mtikisiko ukiwa umeshaendelea kwa muda. Kitu fulani humo ndani kilikuwa kikipungua nguvu polepole.

Tarehe 16 Juni ikawa zamu ya Niigata, Japani, kwa tetemeko la ukubwa wa takriban 7.5. Mji huo umejengwa kwenye mchanga ulioletwa na mto Shinano. Katika mtaa wa Kawagishi-cho majengo ya ghorofa nne yaliinama yakiwa mazima, na moja likakaribia kulala kabisa. Kuta hazikuvunjika. Matangi yaliyofukiwa yakaelea hadi juu ya ardhi. Daraja la Showa, lililokuwa limekamilika mwezi mmoja tu kabla, likaangusha vipande vyake mtoni.

Mwaka mmoja ukampa maisha yake ya utafiti yaliyobaki.

Mchanga unageukaje majimaji?

Chembe za mchanga hushikamana kwa kulaliana. Uzito wa udongo ulio juu huzibana, na kule kubanana ndiko kunakozipa msuguano wa kubeba jengo. Mchanga ukiwa umelegea na nafasi zote kati ya chembe zimejaa maji, tetemeko huzisukuma chembe zikitaka kujipanga upya na kukaa kwa karibu zaidi. Haziwezi, kwa sababu maji yamekwishachukua nafasi na hayana muda wa kutoka. Kila mtikisiko huhamisha sehemu ya uzito kutoka kwenye chembe kwenda kwenye maji. Shinikizo la maji hupanda pigo kwa pigo. Likifika sawa na uzito wa udongo ulio juu, chembe hazigusani tena kwa nguvu, msuguano unakwisha, na ardhi iliyobeba ghorofa nne muda mfupi uliopita inakuwa uji. Jengo zito huzama au kuinama, tangi tupu huelea, na mchanga uliochanganyika na maji hutoka juu kupitia nyufa na kuacha vichuguu vidogo.

Mwaka 1966 Seed na mwanafunzi wake Kenneth Lee walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo hilo likitokea maabara: mchanga uliojaa maji, nguvu ndogo inayorudiwa, halafu ghafla sampuli inalegea yote. Nguvu ambayo ukiiweka mara moja haifanyi kitu, ukiirudia vya kutosha inauangusha mchanga uleule.

Ile mbinu rahisi ya 1971 inafanyaje kazi?

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo zawadi kubwa aliyotuachia. Seed na mtafiti mwenzake I. M. Idriss waliichapisha mwaka 1971, na sifa yake ni kwamba mhandisi wa ofisi ndogo anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi.

Kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni tetemeko linaudai nini udongo. Chukua mchapuko mkubwa kabisa wa juu ya ardhi (jinsi kasi ya ardhi inavyobadilika) kama sehemu ya g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka huru, zidisha kwa uzito wote wa udongo ulio juu ya kina unachokichunguza, zidisha kwa 0.65 ili kupata wastani badala ya kilele, punguza kidogo kwa kuwa udongo si kipande kigumu, kisha gawa kwa mgandamizo halisi wa chembe, yaani uzito wote ukitoa shinikizo la maji.

Tufanye mfano. Mchanga wa uzito wa 19 kN kwa mita ya ujazo, kina cha mita 5, maji yako mita 1 chini ya ardhi, mchapuko 0.2 g. Uzito wote ni kPa 95, shinikizo la maji ni kPa 39, kwa hiyo mgandamizo halisi ni kPa 56. Kigezo cha kupunguza katika kina hicho ni takriban 0.96. Jibu ni 0.21. Sasa shusha maji hadi mita 5 na uache mengine yote vilevile: jibu linakuwa karibu 0.125. Tetemeko ni lile lile, ila kupanda kwa maji kumeongeza dai kwa asilimia 70 hivi.

Upande wa pili ni udongo unaweza kustahimili nini, na hapo ndipo Seed alipofanya uamuzi ninaouona wa busara kuliko yote. Kuchukua sampuli ya mchanga uliolegea bila kuuvuruga ni kazi ngumu mno. Unaushindilia kwa kule kuutoa tu. Kwa hiyo, badala ya kuegemea maabara peke yake, alirudi mahali ambapo matetemeko yalikuwa yamepita. Kila eneo likawa nukta moja kwenye mchoro: dai la tetemeko upande mmoja, ugumu wa mchanga upande mwingine, nukta nyeusi palipogeuka majimaji, nyeupe pasipogeuka. Kati ya nyeusi na nyeupe ukachorwa mstari. Kwa tetemeko la ukubwa wa 7.5 na mchanga safi, dai la 0.21 kwenye mstari wa miaka ya 1980 linahitaji mapigo yapatayo 19 au 20 yaliyosahihishwa. Chini ya hapo, una tatizo.

Mapigo hayo ni ya nini?

Ni ya kipimo cha SPT (Standard Penetration Test), ambacho yeyote aliyesimama kwenye kazi ya uchunguzi wa udongo amekiona. Nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa sentimita 76 na kuachiwa juu ya fimbo zilizoshuka ndani ya shimo, na chini ya fimbo hizo kuna bomba la sampuli linaloweza kupasuliwa katikati. Fundi huchora mistari ya chaki kwenye fimbo kila sentimita 15 na kuhesabu kwa sauti. Sentimita 15 za kwanza haziingii kwenye hesabu kwa kuwa udongo wa pale umevurugwa na uchimbaji. Mapigo ya sentimita 30 zinazofuata ndiyo namba inayoandikwa.

Shida ni kwamba nyundo hazifanani. Kamba iliyozungushwa kwenye ngoma inayozunguka huvuta nyuma, nyundo haianguki huru, na nguvu inayofika kwenye fimbo hupungua. Nyundo ya Japani, ya Marekani na ya China hazikutoa namba moja kwenye mchanga mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 Seed na wenzake waliyashughulikia hayo, wakapendekeza namba zote zirudishwe kwenye kiwango kimoja: asilimia 60 ya nishati kamili ya nyundo inayoanguka. Kazi ya namna hiyo haivutii magazeti. Bila hiyo, hata hivyo, mchoro wote ungekuwa unalinganisha vitu visivyolingana. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ripoti ya udongo isiyotaja aina ya nyundo na jinsi ilivyoachiwa haijakamilika.

Bwawa la Lower San Fernando lilimfundisha nini?

Tarehe 9 Februari 1971, kama saa 12 asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 6.6 lilipiga kaskazini mwa Los Angeles. Bwawa la Lower San Fernando lilikuwa na tuta lililoanza kujengwa mwaka 1912 kwa njia ya zamani: udongo ulichanganywa na maji, ukasukumwa kwa mabomba na kuachwa utuame. Njia hiyo ni ya bei nafuu, ila huacha mchanga uliolegea. Upande wa tuta unaotazama maji uliteleza pamoja na kilele chote. Kilichobaki kati ya maji na mji ulio chini kilikuwa udongo uliopasukapasuka wenye kimo cha mita 1.5 hivi juu ya usawa wa maji. Watu wapatao 80,000 wakahamishwa mpaka maji yaliposhushwa.

Timu ya Seed ilichimba mahandaki ndani ya mabaki, ikavirudisha vipande vya tuta mahali pake kwenye mchoro kimoja baada ya kingine, na kulipata tabaka lililogeuka majimaji karibu na kitako. Juu ya tuta kulikuwa na seismoskopu, kifaa kinachochora mtikisiko wa ardhi, na mstari ulioachwa na sindano yake ulionyesha kwamba tuta liliteleza baada ya mtikisiko mkubwa kukoma. Mtu anaweza kulipita hilo haraka, nami naomba asilipite. Maana yake ni kwamba tetemeko halikulisukuma tuta likaanguka. Lililegeza udongo, na uzito wa tuta lenyewe ukamaliza kazi.

Njia ya kuhakiki mabwawa iliyotumika hadi wakati huo ilikuwa kuongeza nguvu ya ubavuni isiyobadilika, sehemu ndogo ya uzito wa tuta, na kuona kama hesabu inasimama. Bwawa hili lingefaulu mtihani huo. Mihadhara na makala za Seed zikaifanya njia hiyo isiaminike tena kwa mchanga uliojaa maji, na mabwawa mengi ya zamani ya California yakaanza kuhakikiwa upya. Mwaka 1979 ndiyo mada aliyoichagua alipoalikwa kutoa Mhadhara wa Rankine, mhadhara wa heshima wa fani ya udongo, London.

Alihusika na bwawa la Teton pia?

Ndiyo, ingawa halikuwa suala la tetemeko. Bwawa hilo la Idaho lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likijazwa maji kwa mara ya kwanza, na watu 11 wakafa. Seed alikuwa mjumbe wa jopo huru lililochunguza chanzo: maji kupenya na kuula udongo kutoka ndani.

Je, udongo unaweza kudhuru bila kugeuka majimaji?

Sana. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilianzia pwani ya Pasifiki ya Mexico, kilomita 350 na zaidi kutoka jiji la Mexico. Kwenye mwamba wa vilima vya chuo kikuu mchapuko ulikuwa kama 0.03 g. Kwenye eneo lililokuwa ziwa zamani, lenye tope laini la mfinyanzi, ulifika karibu 0.17 g. Tope lile lilitikisika kwa mapigo ya takriban sekunde 2, na majengo ya ghorofa za kati ambayo mwendo wake wa asili ulikaribia hapo ndiyo yaliyoumia zaidi. Ya chini sana na marefu sana mengi yalinusurika. Seed alifanya uchambuzi wa jambo hilo pamoja na watafiti wa Mexico. Alikuwa ameuona mwelekeo huo mapema, baada ya tetemeko la Caracas la 1967, ambako urefu wa majengo yaliyoharibika ulifuata kina cha udongo chini yake. Programu ya kompyuta ya kuhesabu hayo, SHAKE, ilitolewa Berkeley mwaka 1972 na Schnabel, Lysmer na Seed, na vizazi vyake vinaendelea kutumika.

Kuna waliompinga?

Wapo, na mmoja alikuwa mwalimu wake. Casagrande alitenganisha mchanga unaoporomoka kabisa na mchanga unaolegea kidogo kwa kila pigo halafu ukajikaza, akaonya kwamba vipimo vya maabara vya kurudiarudia vinaweza kuchanganya hali hizo mbili. Kundi lililofuata mawazo ya Harvard lilitaka uanze na kuuliza: nguvu inayobaki baada ya udongo kuvurugika kabisa inatosha kuushika mteremko? Mjadala ulikuwa mkali miaka ya 1970 na 1980. Naona pande zote mbili zilifaidika. Mwaka 1987 Seed mwenyewe alichapisha uhusiano kati ya mapigo ya SPT na nguvu inayobaki, akiutoa kwenye miteremko iliyowahi kuanguka.

Ni yapi yamesahihishwa tangu hapo?

Sababu ya mteremko wa Turnagain Heights ni mojawapo: Seed alitoa uzito kwa matabaka ya mchanga, watafiti wa baadaye wakaelekeza zaidi kwenye mfinyanzi dhaifu wa eneo lile. Lingine zito ni vigezo vya udongo wenye chembe laini vilivyotokana na uzoefu wa China, ambavyo yeye na Idriss walivieneza. Tetemeko la Uturuki la Agosti 1999 lilionyesha, mjini Adapazari, kwamba udongo uliohesabiwa salama kwa asilimia ya mfinyanzi unaweza kulegea na kuyaangusha majengo. Leo huangaliwa unata wa udongo, si ukubwa wa chembe peke yake. Mstari wa mchoro nao umechorwa upya mara kadhaa na watu kama Youd, Idriss na Boulanger, na kipimo cha koni, CPT, kimeongezwa kando ya SPT. Mfumo wenyewe wa dai na ustahimilivu haujaondolewa.

Alipata heshima gani?

Mhadhara wa Terzaghi mwaka 1967, uanachama wa akademia za taifa za Marekani za uhandisi na sayansi, na Medali ya Taifa ya Sayansi mwaka 1987. Chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani hutoa medali yenye jina lake. Mwanawe, Raymond Seed, naye alikuwa profesa wa fani hiyohiyo Berkeley.

Alifariki lini?

Aprili 1989. Miezi sita baadaye, 17 Oktoba, tetemeko la Loma Prieta liliitikisa San Francisco, ng'ambo ya ghuba kutoka Berkeley. Wilaya ya Marina, iliyokaa kwa sehemu juu ya mchanga uliojazwa kwenye maji kwa ajili ya maonyesho ya 1915, iligeuka majimaji. Mabomba ya gesi na maji yakakatika, nyumba zikaegemeana. Wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa waliokwenda kupima.

Haya yanatuhusu Afrika Mashariki?

Yanatuhusu kuliko tunavyoyapa nafasi. Bonde la Ufa linatembea. Rukwa ilipata tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 mwaka 1910, Ziwa Tanganyika la 6.8 Desemba 2005, Bukoba la 5.9 Septemba 2016. Kusini zaidi, Machaze nchini Msumbiji, tetemeko la ukubwa wa 7.0 la Februari 2006 liligeuza mchanga kuwa majimaji katika maeneo mengi. Watu walidhurika kidogo kwa kuwa wakazi ni wachache. Kando ya maziwa yetu na kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani kuna mchanga ule ule uliolegea wenye maji ya juu, na miji inakua juu yake kila mwaka. SPT tayari tunafanya. Kinachokosekana mara nyingi ni kuipeleka namba hatua moja mbele, kwenye hesabu ya tetemeko.

Nina ripoti ya udongo ya kiwanja kilicho karibu na ziwa. Niangalie nini kwanza?

Angalia kina cha maji, na mwezi yalipopimwa. Maji yaliyopimwa mwisho wa kiangazi yanaweza kuwa mita kadhaa chini ya yale ya masika, na umeona hapo juu mita nne zinavyobadilisha jibu. Kisha tazama mapigo ya SPT kwenye kila tabaka la mchanga ndani ya mita 15 za kwanza, si wastani wa shimo zima, kwa sababu tabaka moja jembamba lenye mapigo 6 linatosha. Baada ya hapo tafuta asilimia ya chembe laini na kipimo cha unata. Ikiwa hivyo havimo, mwombe mhandisi aliyesaini ripoti avipime kabla nondo hazijanunuliwa. Sampuli za bomba la SPT kwa kawaida zipo bado kwenye mifuko maabara, na vipimo hivyo viwili ni vya gharama ndogo.